Nilichokikuta kwenye faili langu la chuo

Hotuba kwa wanafunzi wapya waliorudi masomoni ukubwani, Tanga

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu na wadogo zangu, habari za asubuhi.

Mratibu aliponipigia simu aliniomba nije nizungumze nanyi juu ya kurudi chuoni mtu ukiwa tayari na familia, kazi na mvi mbili tatu. Nilikubali palepale, kisha usiku sikulala vizuri. Kuna sentensi moja ambayo kwa miaka 16 sikuitamka mbele ya mtu, na nilijua nikisimama hapa bila kuitamka nitakuwa nimewadanganya. Basi niitamke kwanza, mengine yafuate. Niliacha chuo mwaka wa pili.

Niliingia chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 2003, kusomea uhasibu. Kwetu Korogwe, kwenye ukoo wetu wote, nilikuwa wa kwanza kufika chuo, na baba mdogo alichinja mbuzi siku ninaondoka. Bwenini tulikuwa tunabebana, wawili kitanda kimoja. Bumu, yaani posho ya wanafunzi, likitoka tunanunua mchele na maharage kwa pamoja, likiisha tunakunywa uji. Nilikuwa na furaha sana. Nalisema hilo kwa sababu watu wakisikia mtu kaacha chuo hudhani alikuwa hakupendi. Mimi nilikipenda.

Juni 2005, katikati ya mitihani ya kumaliza mwaka, mama akapata kiharusi. Habari ilikuja alfajiri kwa simu ya mwenzangu wa kitanda, maana mimi sikuwa na simu. Yalikuwa yamebaki mapepa mawili. Baba alishafariki, mimi ndiye binti mkubwa, na mdogo wangu aliyenifuata alikuwa darasa la sita. Nilifungasha sanduku, nikaenda Ubungo, nikapanda basi la kwanza. Sikurudi.

Na sikuandika barua. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo penye kosa langu hasa. Hakuna aliyenifukuza. Sikudisko, yaani sikuondolewa chuoni kwa kufeli, sikuwa na kesi ya nidhamu, sikudaiwa. Niliondoka tu, bila kumwambia mkuu wa idara, bila kujaza fomu ya kuahirisha masomo, kwa sababu nilidhani nakwenda wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Matokeo yalipobandikwa, rafiki yangu akaniambia jina langu halimo kwenye orodha ya wanaoendelea mwaka wa tatu. Alichosema yeye ni hicho tu. Nilichokisikia mimi ni kwamba nimefeli. Nikalibeba neno hilo kama lilivyo, nikaenda nalo.

Mama aliishi miaka minne baada ya hapo, upande mzima wa kulia umekufa. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimgeuza kitandani usiku ili asipate vidonda. Sijutii hata saa moja ya miaka ile. Nawatazama hapa mbele yangu, na najua wengi wenu mliacha kwa ajili ya mtu: mzazi mgonjwa, mtoto aliyekuja kabla ya wakati, mdogo wako ambaye ada ilimtosha yeye au wewe, si wote wawili. Tafadhali msiliombee msamaha hilo. Mlifanya kazi iliyokuwa mbele yenu.

Nikapata ukarani kwenye shamba moja la mkonge. Meneja hakuniuliza cheti, aliniuliza kama najua kujumlisha. Pale shambani wakaniita msomi, kwa kuwa walijua nilikwenda chuo, na kwa jinsi nilivyokaa kimya wakadhani nilimaliza. Sikusema nimemaliza. Sikusema pia kwamba sijamaliza. Nikaolewa na mtu ambaye naye alidhani hivyo, na sikumsahihisha. Ndugu zangu, miaka inaweza kupita hivyo. Kila kikao cha ukoo wakikutaja kwa fahari unaangalia chini, wao wanadhani ni unyenyekevu.

Januari 2021 binti yangu wa kwanza alichaguliwa kidato cha kwanza. Tukakaa mezani na fomu ya kujiunga, yeye akijaza mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri, ulimi nje kidogo kama anavyofanya tangu mdogo. Jina la mzazi. Kazi ya mzazi. Akafika mahali pa kiwango cha elimu, akainua kalamu. "Mama, hapa niandike shahada?" Baba yake alikuwa pembeni anatengeneza redio. Nilikaa kimya kiasi kwamba mtoto akauliza tena.

Nikamwambia, "Andika kidato cha sita." Akanitazama. Baba yake naye akaweka bisibisi chini. Usiku ule niliwaambia wote wawili habari nzima, na nililia kama mtu aliyefiwa. Mume wangu hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Kwani chuo kilikuandikia nini?" Nikagundua sijui. Miaka 16 nilikuwa sijui chuo kiliandika nini juu yangu.

Mwezi uliofuata nikaenda Dar es Salaam. Ofisini walikuwa vijana ambao nilipoacha chuo wao walikuwa shule ya msingi. Nilisubiri siku mbili. Siku ya pili mchana mzee mmoja mtunza kumbukumbu akatoka stoo na boksi la katoni lenye vumbi, akalifuta kwa mkono, akatoa faili la rangi ya waridi. Juu kulikuwa na picha yangu ndogo ya rangi, nywele nimesuka mabutu, shingo ndefu. Chini ya picha kulikuwa na karatasi ya alama. Nikaanza kusoma nikiwa nimeshika meza. Mwaka wa kwanza, nimefaulu yote. Mwaka wa pili, yote niliyoyakalia nimefaulu, mojawapo kwa A, somo ambalo nilikuwa nikilipenda. Kwenye mistari miwili ya mwisho, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu neno moja, mara mbili: Hakufanya. Hakufanya.

Sikufeli. Sikuwepo. Yule mzee aliona machozi, akadhani alama ni mbaya, akaanza kunipoza. Nikamwambia, baba, alama ni nzuri.

Nimewaletea habari hii yote kwa ajili ya neno hilo moja. Kufeli na kutokuwepo ni mambo mawili, na mtu aliyechanganya moja na jingine anaweza kujinyima nusu ya maisha yake. Mimi nilijihukumu kwa karatasi ambayo sikuwahi kuisoma. Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayowapa, hata kabla ya kununua daftari: nendeni mkasome mlichoandikiwa. Wapo kati yenu watakaokuta kweli walifeli, na hao nao watajua ni somo gani na kwa kiasi gani. Hapo utakuwa na jambo la kushughulika nalo, lenye jina na namba.

Sitaki kuwaficha kilichofuata. Chuo kiliniambia alama zile zimekaa mno, haziwezi kuhamishwa. Ilibidi nianze upya mwaka wa kwanza, kwa masomo ya huria na masafa, nikiwa na miaka 39. Iliniuma. Lakini nilianza upya nikiwa mtu aliyewahi kufaulu, na nawaambieni, kuna tofauti kubwa ya namna mtu anavyokaa kwenye kiti.

Kuna watu watawauliza mnatafuta nini chuoni na umri huu. Mjue kwamba katika nchi hii swali hilo ni geni. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wakati ambapo karibu theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alikwenda kisomo chini ya mwembe, jioni, akitoka shamba, na mwaka 1975 ulipofanyika mtihani wa taifa wa kisomo akapata hatua ya tatu, yaani akahesabiwa kuwa anajua kusoma. Alikuwa na watoto saba. Hakumficha mtu yeyote kwamba anakwenda darasani. Alikuwa akipita na daftari lake mkononi, na kalamu ameichomeka kwenye kilemba. Kufika 1986 wasiojua kusoma walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Kazi hiyo ilifanywa na watu wazima waliokubali kuonekana wakijifunza.

Na chuo kikuu je? Azimio la Musoma la mwaka 1974, la chama kilichotawala wakati ule, TANU, liliamua kwamba kijana akimaliza kidato cha sita asiende chuo moja kwa moja. Aende Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, na wanaofanya naye kazi pamoja na tawi la chama ndio waseme kama anafaa. Utaratibu ule ulikuwa na matatizo yake na baadaye uliachwa, sisemi urudi. Ninachotaka mkione ni kwamba kuna wakati, hapahapa Tanzania, mtu aliyetoka kazini ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa kawaida, na aliyetoka shuleni moja kwa moja ndiye aliyetakiwa kujieleza. Na Bunge lilipotunga sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria, Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, walifikiriwa watu wa namna yetu: mwenye ajira, mwenye watoto, anayeishi mbali na Dar es Salaam. Hamjaingia kwa mlango wa nyuma.

Watu hupenda kututajia marehemu Mzee Maruge wa Kenya, aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Namheshimu sana. Lakini yeye alinyimwa nafasi tangu utoto, na sisi tulipewa kiti tukakiacha. Maumivu yetu ni ya aina nyingine. Mimi anayenisaidia ni Mandela. Alifukuzwa Chuo cha Fort Hare mwaka 1940. Akamaliza shahada ya kwanza kwa njia ya posta kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Mwaka 1943 akaanza sheria Chuo Kikuu cha Witwatersrand, huku mchana anafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili na jioni anarudi kwake Orlando amechoka. Mwaka wa mwisho alifeli mara kadhaa, akaomba kurudia mitihani, akakataliwa, akaondoka bila shahada. Akiwa kifungoni akaendelea kusoma kwa posta. Walipokamata maandishi yake ya siri wakamnyang'anya ruhusa ya kusoma kwa miaka minne, iliporudishwa, akaendelea. Shahada ya sheria aliipata mwaka 1989, bado mfungwa, umri umepita miaka 70. Tangu alipoanza sheria hadi hapo ni miaka 46. Nilipokuwa nakaa saa tisa usiku na taa ya simu ili nisiwaamshe watoto, nilikuwa nikiihesabu miaka hiyo.

Sasa niwaambie kitu kuhusu mnachokuja nacho, maana wengi mnadhani mnakuja mikono mitupu.

Shambani tulikuwa tunalipa mishahara kwa bahasha. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba kwenye wino wa zambarau, kisha mbele ya jina lake. Karani kazi yake ni kujumlisha na kufunga daftari. Mwezi mmoja, sijui kwa nini, niliyaangalia yale madole badala ya majina. Nikaona dole moja lenye kovu, mstari mweupe umekata katikati kama lililopitiwa na kisu cha mkonge. Mistari kumi chini yake nikaliona tena lilelile, kovu lilelile, mbele ya jina jingine. Nikarudisha kurasa za miezi mitatu. Lilikuwepo kila mwezi, mara mbili. Yule mtu wa jina la pili alikuwa amehama zamani, na mshahara wake ulikuwa unachukuliwa na mwingine. Nilipeleka daftari kwa meneja na mambo yakanyooka, ingawa kuna waliokoma kunisalimia.

Mwaka wa pili, hii mara ya pili, tukafika kwenye mada ya udhibiti wa ndani. Kwa nini anayeandaa orodha ya malipo asiwe yeye anayelipa. Kwa nini orodha ilinganishwe na mahudhurio. Vijana walikuwa wanaikariri kama dua. Mimi nilikuwa naliona lile dole. Mwalimu, kijana wa umri wa mdogo wangu, akanipa dakika 15 niwaelezee wenzangu, na tangu siku ile wale vijana wakaanza kunitafuta kabla ya mtihani. Mimi nikawatafuta wao kwenye kompyuta, maana huko nilikuwa kipofu. Mwenye miaka 22 akanifundisha kutengeneza jedwali, nami nikamweleza mizania ya duka inavyosomwa na mtu anayetaka kukudanganya.

Na si kila unachokumbuka kitakusaidia. Julai 2004 nchi yetu ilihamia viwango vya kimataifa vya kutoa taarifa za fedha. Madaftari yangu ya zamani, niliyoyatunza kwenye sanduku miaka yote hiyo, yalikuwa yamejaa viwango vilivyokwisha kufutwa. Hata hiyo mizania siku hizi vitabuni ni taarifa ya hali ya kifedha. Mtihani wangu wa kwanza niliujibu kwa majina ya kale, nikapata sapu, yaani mtihani wa marudio. Niliyachoma yale madaftari nyuma ya jiko, nikabakiza moja tu kwa sababu ya mwandiko wa rafiki yangu wa kitanda.

Mambo ya fedha nitayapita haraka, kwa kuwa mhasibu wa kituo atazungumza baada yangu. Mawili tu. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ina kikomo cha umri, miaka 35, kwa hiyo wengi wetu humu tujipange kwa njia nyingine. Mimi nililipa kwa awamu, kwa fedha za kikoba na mihogo. Pili, kama ulisoma kwa mkopo ukaacha, deni lako lipo. Bodi ilianza kazi Julai 2005, mwezi mmoja baada ya mimi kupanda lile basi, lakini inakusanya hata mikopo iliyotolewa na serikali tangu 1994. Nenda ukaulize salio lako kwa hiari yako, upange namna ya kulipa, kabla halijaanza kukukata asilimia 15 ya mshahara usipotarajia.

Nyumbani semeni ukweli. Mwanafunzi mtu mzima anayesoma kwa kujificha hafiki mbali. Mtihani utaangukia siku ya msiba au harusi, na hakuna atakayekuelewa kama hakuna anayejua unasoma. Mimi ratiba yangu ya mitihani niliibandika kwenye mlango wa jikoni. Mama mkwe wangu, ambaye hajui kusoma, alikuwa anamwuliza mtoto kila asubuhi, "Leo mama yenu ana karatasi?" Siku zenye karatasi alinipikia yeye.

Na nyie kina dada mlioachishwa sekondari kwa mimba, mliokuja leo kusikiliza tu. Mmeniambia pale nje kwamba mnaona haya kukaa humu. Tangu Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi wa namna yenu anaruhusiwa kurudi hata kwenye mfumo rasmi wa shule, na waraka upo. Aliyevuka umri wa shule anaweza kufanya mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kupitia madarasa ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kaeni mbele, tafadhali. Viti vipo.

La mwisho, na ndilo lililonitoa nyumbani leo. Baadhi yenu mtalazimika kuondoka tena. Mtoto ataugua, kazi itahama, mvua itakata barabara. Sitawaambia mvumilie tu, kwa sababu najua kuna siku mtu hana namna. Nawaomba kitu kimoja: msiondoke kimya. Barua ya kuahirisha masomo ni nusu ukurasa. Jina, namba ya usajili, sababu, tarehe unayotarajia kurudi, sahihi. Ipeleke, igongwe muhuri, baki na nakala. Ningeiandika nusu ukurasa hiyo Juni 2005, huenda ningefanya yale mapepa mawili mwaka uliofuata, mama akiwa hai.

Nimekuja na karatasi za mistari na kalamu, ziko kwenye meza ile karibu na mlango. Tutaandika rasimu za barua hizo leo, kila mtu na yake, tuziache na nafasi ya tarehe, muwe nazo ndani ya begi. Na mama uliyekaa mstari wa nyuma mwenye khanga ya kijani, uliyeniuliza asubuhi kama vyeti vyako vya mwaka 1998 bado vina maana: vilete pale mezani tuvisome pamoja. Nipo mpaka saa tisa.